Vishale Darasani: Ni Kamari au ni Hesabu?



 

Mama mmoja, msomaji wa jarida letu, ameniletea swali ambalo naona lastahili kujibiwa mbele ya wasomaji wote, kwani lililomfika yeye leo huenda likamfika mwengine kesho. Binti yake yuko Gredi ya 4. Kwa muda wa miaka miwili hesabu zimekuwa kwake mzigo mzito. Asubuhi ya mtihani huumwa na tumbo, na daftari lake la hesabu hulificha chini ya godoro. Muhula huu mwalimu wao ametundika ukutani ubao wa vishale, na mara moja kwa wiki watoto hurusha, hujumlisha na hutoa. Binti yule sasa hurudi nyumbani akihesabu kwa sauti njiani. Lakini bibi yake alipolisikia neno vishale alishtuka. Akasema huo ni mchezo wa klabu, wa walevi na wacheza kamari, na kwamba Qur'ani yenyewe imeitaja mishale pamoja na ulevi. Baba mtu ameagiza mtoto asishiriki mpaka jibu lipatikane. Mama anauliza: je, nimzuie?

Napenda niseme mapema kwamba bibi huyu ana haki ya kuuliza, na nyumba yenye mzee anayeuliza namna hii ni nyumba yenye baraka. Lakini wanazuoni wetu wametufunza kwamba huwezi kulihukumu jambo kabla hujalifahamu. Kwa hivyo tuanze kwa kuufahamu mchezo wenyewe, kisha twende kwenye hukumu, kisha tuone la kufanya.

Mchezo wa vishale, kama unavyojulikana leo duniani, ulilelewa Uingereza. Ubao wake ni wa duara, na duara hilo limegawanywa vipande 20 vilivyo sawa, kila kipande kikiwa na nambari yake kuanzia 1 hadi 20. Nambari hizo hazikupangwa kwa kufuatana. Juu kabisa iko 20, na pambizoni mwake ziko 1 na 5. Mwenye kuilenga 20 akayumba kidogo tu, huangukia nambari ndogo. Kwenye ukingo wa nje wa duara kuna utepe mwembamba: kishale kikiingia humo, nambari huhesabiwa mara mbili. Kati ya ukingo huo na kitovu kuna utepe mwengine mwembamba, na humo nambari huhesabiwa mara tatu. Katikati kabisa kuna kitovu chenye thamani ya 50, na pete inayokizunguka ina thamani ya 25. Kila mchezaji hurusha vishale vitatu kwa zamu yake, akisimama umbali wa mita 2.37 kutoka kwenye ubao, na kitovu cha ubao huwa mita 1.73 kutoka chini. Kwa watoto, skuli hushusha ubao na kusogeza mstari karibu.

Sasa sikilizeni jinsi alama zinavyohesabiwa, kwani hapa ndipo penye faida. Watu wazima huanza na 501, na kila wanachokipata hutolewa kwenye nambari hiyo mpaka ibaki sifuri. Watoto waweza kuanza na 101. Tuchukulie binti yetu anaanza. Kishale cha kwanza kimeingia 20, cha pili kimeyumba kikaingia 5, cha tatu kikaingia 1. Amepata 26. Kutoka 101 zimebaki 75. Zamu yake ya pili amepata 19, kisha 7 ya mara mbili ambayo ni 14, kisha 3. Jumla ni 36, na zimebaki 39.

Hapa kanuni nyengine yaingia. Kishale cha mwisho sharti kiingie kwenye utepe wa mara mbili, na hesabu iishe kamili bila ya kupitiliza. Akipitiliza, zamu yake yote yabatilika na hurudi alipokuwa. Basi mtoto mwenye 39 hawezi kumaliza kwa kishale kimoja, kwa sababu 39 ni witiri, na nambari iliyozidishwa mara mbili siku zote ni shufwa. Itambidi kwanza arushe kwenye nambari ya witiri ili abakishe shufwa. Akipata 7, zitabaki 32, na nusu ya 32 ni 16. Sasa anailenga 16 ya mara mbili. Akiipata, amemaliza.

Tazameni mtoto huyu amefanya mambo mangapi kwa vishale vinane tu. Amejumlisha, amezidisha, ametoa, amegawanya kwa mbili, na amepambanua shufwa na witiri. Hayo yote ameyafanya kichwani, amesimama wima, bila ya kuambiwa kwamba huu ni mtihani. Angepewa hesabu hizo hizo kwenye karatasi, huenda angeumwa na tumbo.

Kwa nini huku aweze na kule ashindwe? Nimefunza watoto chuoni kwa miaka mingi, na nililoliona ni hili: mtoto hujifunza haraka jibu analolihitaji, na huchelewa kujifunza jibu analodaiwa. Kwenye karatasi ni mwalimu anayetaka kujua 75 ukitoa 36 ni ngapi, na mwalimu tayari analijua jibu. Ubaoni ni mtoto mwenyewe anayetaka kujua, kwani asipojua hatajua alenge wapi. Tena hesabu ya karatasi hukaa imeandikwa ikimngoja, ilhali hesabu ya kishale huzaliwa papo hapo na hakuna aliyeijua kabla, hata mwalimu. Mtoto hawezi kuinakili kwa mwenzake.

Faida ya pili ni kurudia. Sisi watu wa chuoni twajua thamani ya kurudia. Hakuna aliyehifadhi Juzuu Amma kwa kuisoma mara moja. Hesabu nazo zataka kurudiwa mpaka ziingie damuni, na shida kubwa ya mwalimu ni namna ya kumfanya mtoto arudie bila ya kuchoka. Katika mchezo mmoja wa vishale watoto wawili waweza kufanya hesabu 20 au 30 za kujumlisha na kutoa, na wakimaliza wakaomba waanze tena. Ni mtoto gani aliyewahi kuomba aongezewe karatasi ya hesabu?

Lakini ubao peke yake haufunzi kitu. Ziko mbao za umeme zinazohesabu zenyewe, na wako walimu wanaohesabia watoto ili mchezo uende mbio. Ikiwa ndivyo, mtoto amepata mazoezi ya mkono, na akili imelala. Kanuni ya darasani iwe moja: mwenye kurusha ndiye mwenye kuhesabu, na mwenzake ndiye mwenye kumhakikisha. Asiyerusha naye asikae bure, ashike chaki aandike.

Kwa watoto wakubwa zaidi, ubao huu una hazina nyengine. Vipande 20 katika duara la nyuzi 360 vyampa mtoto nyuzi 18 kwa kila kipande, na hapo somo la pembe limeanza. Muulize mwanao ni nambari gani ndogo kabisa isiyoweza kupatikana kwa kishale kimoja. Atahangaika, atapitia 21 ambayo ni 7 mara tatu, na 22 ambayo ni 11 mara mbili, mpaka afike 23 agonge mwamba. Hapo amejifunza habari za vigawo bila ya kutajiwa jina lake. Au muulize kwa nini wachezaji hodari hupenda kubakisha 32. Jibu ni kwamba 32 yagawika kwa mbili tena na tena: akiilenga 16 ya mara mbili akakosea akapata 16 moja, hubakiwa na 16, na sasa huilenga 8 ya mara mbili. Akikosea vivyo hivyo hubakiwa na 8, kisha 4, kisha 2. Kila kosa lamwachia mlango mwengine wa kutokea.

Lipo fundisho moja ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko yote, na nawaomba akina mama mlifanye nyumbani kwa kalamu na karatasi. Mtoto anayeanza huilenga 20, kwani ndiyo kubwa. Lakini mkono wake haujatulia. Tuchukulie kwamba akilenga kipande fulani, huenda akakipata, au akaangukia jirani wa kulia, au jirani wa kushoto, na yote matatu yako sawa. Akiilenga 20, majirani wake ni 5 na 1. Jumla ya tatu hizo ni 26, na wastani wake haufiki 9. Sasa ailenge 7, nambari ambayo hakuna aitamaniye. Majirani wa 7 ni 19 na 16. Jumla ni 42, na wastani wake ni 14. Ukizizunguka nambari zote 20 hutapata tatu zilizopakana zenye jumla kubwa kuliko hizo. Mwenye kuilenga saba kwa unyenyekevu humpita mwenye kuikodolea macho ishirini, mpaka siku mkono utakapotulia. Mtoto akiyaona haya kwa macho yake, amejifunza wastani na uwezekano, na amejifunza pia kwamba mtaka yote hukosa yote. Na jirani mwema ana thamani hata kwenye ubao wa duara.

Sasa tuje kwenye hukumu, na tuanze na hoja ya bibi kwamba Qur'ani imeitaja mishale.

Ni kweli. Katika Suratul Maida, Aya ya 90, Mwenyezi Mungu ameutaja ulevi, kamari, masanamu na mishale inayoitwa azlam, akayafanya yote hayo kuwa ni uchafu wa kazi ya shetani. Lakini azlam ilikuwa ni mishale gani? Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na mishale isiyorushwa. Mtu akitaka kusafiri au kuoa alikwenda akachomolewa mmoja bila ya kutazama: ukitoka ulioandikwa amri alikwenda, ukitoka ulioandikwa katazo alibaki. Hiyo ni ramli. Na walikuwa na mishale kumi ya kamari. Saba ilikuwa na mafungu, kuanzia fungu moja hadi saba, na mitatu ilikuwa mitupu. Ngamia alichinjwa, mishale ikachanganywa na kuchomolewa, mwenye bahati akala nyama na mwenye mkosi akalipa bei. Katika yote mawili hapakuwa na kulenga wala ustadi wala akili. Palikuwa na mkono uliofumba macho, mali ya mtu kuliwa bila ya haki, na moyo ulioiachia bahati mambo ambayo ni ya Mola.

Kishale cha darasani hakifanani na hivyo ila kwa jina. Mtoto hulenga, na akifanya mazoezi hulenga vizuri zaidi. Hachomoi majaaliwa yake, wala hali mali ya mwenziwe. Waingereza wenyewe husimulia kisa cha mwaka 1908 katika mji wa Leeds, ambapo mwenye klabu alishtakiwa kwa kuruhusu mchezo wa bahati, na bingwa mmoja akarusha vishale mbele ya mahakimu, akazipata nambari alizozikusudia, na kesi ikaisha hapo. Mpaka walioutumia mchezo huu mahali pasipo pema waliiona tofauti kati ya bahati na ustadi.

Kinyume cha azlam, kulenga shabaha kwa mshale ni jambo ambalo dini yetu imelisifu. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Uqba bin Aamir kwamba Mtume (SAW) alipoitaja juu ya mimbari Aya ya Suratul Anfal inayoamrisha kuandaa nguvu, aliifasiri nguvu hiyo kuwa ni kulenga na kurusha, akalikariri hilo mara tatu. Na Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo pwani hii, imepokewa kwamba katika ujana wake himma yake ilikuwa katika mambo mawili, kulenga shabaha na kutafuta elimu, na kwamba katika shabaha alifikia kupata kumi katika kumi. Vitabu vya fikhi tunavyovisomesha, hata kile kidogo cha Abu Shujaa, vina mlango wa mashindano ya mbio na ya kulenga.

Sisemi kwamba kishale cha ubaoni ni sunna, wala asije mtu kesho akaninukuu hivyo. Mishale ile ilikuwa ni ya kujihami na kulinda umma. Hiki ni chombo cha kufundishia, na hukumu yake ni hukumu ya vyombo: asili yake ni halali mpaka kiingiliwe na haramu. Wala mahali kilipochezewa hakukiharamishi. Gilasi hunywewa pombe mahali pengine na maji ya zamzam mahali pengine.

Lakini haramu zipo mlangoni zinabisha, na mzazi asijifanye hazisikii. Mwezi wa Januari mwaka 2025 kijana wa Kiingereza, Luke Littler, alikuwa bingwa wa dunia wa mchezo huu akiwa na umri wa miaka 17, mdogo kuliko bingwa yeyote kabla yake. Vijana wengi duniani walimtazama. Na waliomtazama walitazama pia matangazo ya makampuni ya kamari yanayodhamini mashindano hayo, na ukumbi uliojaa watu na bilauri zao za pombe. Kwa hivyo ubao ukiingia darasani, usiingie na mkia wake. Ndiyo maana jibu langu lina masharti, nayo ni manne.

Sharti la kwanza: pasiwe na dau la aina yoyote baina ya watoto. Wakitoa shilingi kumi kumi na mshindi akachukua zote, hiyo ni kamari iliyo wazi. Hata ikiwa ni peremende au sambusa, mlango ni ule ule. Mwalimu akitaka kutoa zawadi kutoka mfukoni mwake, kalamu au daftari, hilo halina ubaya, kwani hakuna mtoto anayeondoka amepoteza mali yake. Tena kuna faida nyengine hapa. Sheria ya nchi yetu inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini simu zimo mikononi mwa watoto, nasi twajua yanayopita. Mtoto aliyejifunza wastani aonyeshwe hesabu ya kamari yenyewe. Watu 20 watoe shilingi kumi kila mmoja, jumla ni 200. Mwenye kamari agawe 160 kwa washindi, na 40 atie mfukoni. Kila mzunguko wao wote kwa pamoja wamepungukiwa na 40, na baada ya mizunguko mitano ameshakusanya 200, sawa na zile walizoanza nazo. Aliyeielewa hesabu hiyo akiwa na miaka 12, tangazo la kamari halitamhadaa kwa wepesi akiwa na 20.

Sharti la pili: usalama. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari kwamba Mtume (SAW) aliamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Itazameni hekima hiyo. Kishale cha chuma chaweza kulitoa jicho. Watoto wadogo wapewe vishale vya sumaku au vya kitambaa cha kunata, kile cha kufungia viatu vya watoto. Wakubwa wakipewa vya ncha, mwalimu avihesabu kabla na baada, arushe mmoja tu kwa wakati, na asivuke mtu mstari mpaka vyote vitatu vimekwisha kurushwa. Na watoto wafunzwe kwamba halengwi kiumbe hai hata kwa mzaha. Ibn Umar (RA) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wanamfanya shabaha, akalikemea jambo hilo na kuwakumbusha kwamba Mtume (SAW) amemlaani mwenye kulifanya.

Sharti la tatu: asidhalilishwe mtoto. Hili nalihofia zaidi kuliko mengine, kwani mchezo wenye mshindi una aliyeshindwa, na mtoto aliyekuwa akiogopa karatasi aweza kuanza kuuogopa ubao. Katika Sahihi ya Bukhari, Salama bin al-Akwa' amesimulia kwamba Mtume (SAW) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga. Akawahimiza, akasema yuko pamoja na kundi moja. Kundi la pili likaacha kurusha. Alipowauliza sababu, walisema watarushaje hali yeye yuko na wenzao? Akawaambia warushe, kwani yuko pamoja nao wote. Kila mwalimu na aikumbuke hadithi hiyo. Mtoto akiona mwalimu yuko upande wa wajanja, atauweka mshale chini. Basi watoto wacheze wawili wawili wakisaidiana, mwenye mkono mzuri na mwenye hesabu nzuri, na mwalimu awe pamoja nao wote. Wasichana nao wapewe zamu zao kamili, kwa heshima na stara. Wasigeuzwe watazamaji wa kuwapigia makofi wavulana.

Sharti la nne: chombo kibaki chombo. Somo la mara moja kwa wiki linatosha. Mchezo ukila wakati wa Sala, au wakati wa kusoma, au ukawa ndio mazungumzo ya mtoto usiku na mchana, umetoka kwenye faida na umeingia kwenye upuuzi. Na mwalimu apime: je, watoto wanahesabu vizuri zaidi kuliko mwezi uliopita, au wanarusha vizuri zaidi tu?

Masharti hayo yakitimia, jibu langu kwa mama aliyeuliza ni hili: usimzuie. Nenda skuli ukamwone mwalimu kwa upole, umuulize mambo hayo manne, na ukiridhika mwache binti yako aendelee. Mtoto aliyekuwa akilificha daftari chini ya godoro na sasa anahesabu njiani amefunguliwa mlango. Kumfungia mlango huo pasi na dalili ya sheria ni jambo litakaloulizwa vilevile. Na bibi aelezwe kwa adabu, akae na mjukuu wake, amwombe amhesabie 101 mpaka sifuri. Naamini moyo wake utatulia.

Na msiiachie skuli peke yake. Mtaala wa CBC umewataka wazazi kushiriki masomo ya watoto, na wengi hulalamika kwamba vifaa ni ghali. Hiki si ghali. Choreni duara kwa chaki uani, kwa uzi uliofungwa kwenye msumari, upana wa mita moja. Ligawanyeni robo nne, na kila robo vipande vitano. Andikeni nambari kwa kuzunguka kama mishale ya saa: 20, 1, 18, 4, 13, 6, 10, 15, 2, 17, 3, 19, 7, 16, 8, 11, 14, 9, 12, 5. Badala ya vishale tumieni komwe za bao, au vifuko vidogo vilivyoshonwa na kutiwa choroko. Wa Gredi ya 2 ajumlishe tu, wa Gredi ya 4 atoe kutoka 101, na wa Gredi ya 6 atafute wastani wa zamu zake kumi. Mama anayekaanga viazi karai hapo pembeni aweza kuwa hakimu bila ya kuacha kazi yake, maana hakuna ahesabuye kwa kichwa kama mwenye kuuza.

Kwa wale wanaopenda kushindana na watoto wao wiki hii, hizi hapa hesabu tatu. Kwanza, zijumlisheni nambari zote za ubao, 1 hadi 20, bila ya kuzihesabu moja moja. Iko njia ya mkato ya kuziunganisha mbili mbili. Pili, jumla kubwa kabisa ya vishale vitatu ni ngapi, na je, inapatikana kwa kukipiga kitovu? Tatu, mtoto amebakiwa na 45 na ana vishale viwili. Amalize vipi? Njia ni zaidi ya moja, na ya kila mtoto isikilizwe.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, awaepushe na kamari na kila kilichokaribiana nayo, na awape walimu wao subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.